Maza, Kuna Kitu?

Hafidha alikuwa ameinamia karai jikoni, akimenya ndizi za mchana, sauti ya kaka yake ilipotokea nyuma ya mgongo wake.

"Maza, kuna kitu?"

Kisu kilimponyoka. Hakugeuka, kwa sababu alijua atakachokiona: mama yake, Raya, kanga imefungwa kiunoni, bega la kushoto limeshuka, anafunua sufuria kwa ncha ya kidole kimoja, kama alivyokuwa akifanya Abdulatif kila akirudi kazini na njaa yake. Na Abdulatif walikuwa wamemzika tangu kabla ya mvua za vuli.

"Mama, acha."

"Ah, dogo, mbona unamaindi?" sauti ikajibu, ile ile, na mkwaruzo wake ule ule. "Mtu kaja na ubao wake, njaa inamuuma, mnamnunia?"

Hafidha alinawa mikono, akapita pembeni ya mama yake bila kumtazama, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na begi. Mlangoni ndipo alipomtazama, na macho yake yalikuwa makavu kabisa, jambo ambalo Raya alikuja kulikumbuka kwa uchungu kuliko maneno yenyewe.

"Nakwenda Dumila kwa mama mdogo Hidaya. Siku ukiwa mama yangu, niite, nitarudi. Ukiwa kaka, siji."

Abasi, baba wa nyumba, alikuwa barazani kwenye cherehani yake, ana suruali ya mteja mkononi. Alimwona binti yake akishuka njia ya Bigwa kuelekea lami, akamwita mara moja, kisha akanyamaza. Abasi ni mtu wa kunyamaza. Sindano ndiyo inayosema kwa niaba yake.

"Mwache aende akapunge upepo," Raya alisema kwa sauti yake mwenyewe.

"Hajaenda kupunga upepo, Raya. Umemkimbiza."

Raya alifungua mdomo ajibu, na jibu lililokuja lilikuwa la Abdulatif. Alilimeza. Hapo aliogopa kwa mara ya kwanza, kwani hakuwa amelichagua.

*

Lazima ijulikane kwamba Raya hakuwa amepandwa na kitu, ingawa majirani wawili watatu walikwishalitaja jini kwa jina. Kuiga watu ilikuwa kazi yake. Kuanzia Bigwa hadi Kinole, akifa mtu wa ukoo wanaotaniana na ukoo wao, Raya huitwa. Huingia msibani katikati ya vilio amevaa koti la marehemu, akatembea kama marehemu, akadai ugoro wake, akawatukana wafiwa kwa sauti ya marehemu, mpaka waliokuwa wakigaragara chini washike mbavu kwa kicheko. Mtani hakasirikiwi. Na Raya alikuwa fundi. Kulikuwa na wazee waliompa onyo mapema wasije wakaigwa vibaya.

Basi mara ya kwanza alipoleta sauti ya Abdulatif mezani, Abasi mwenyewe alicheka, akafurahi mpaka machozi yakamtoka. Ya pili akatabasamu. Zilizofuata akawa anainamia sahani.

Muuguzi mmoja aliyekuwa akimpima Raya presha ndiye aliyemtajia chumba cha ushauri nasaha nyuma ya zahanati, njia ya Mazimbu. Raya aliuliza kama huko wanatoa vidonge. Muuguzi akasema hapana, huko ni kuzungumza tu.

"Kuzungumza?" Raya alishangaa. "Mimi nina upungufu wa kuzungumza?"

Lakini alikuwa ameshaamua. Angekunywa mizizi, angesomewa dua, angezungumza, chochote, ilimradi Hafidha arudi nyumbani. Mwanamke huyu akishaamua jambo, hata mlima wa Uluguru ungeombwa usogee kidogo.

*

Walikwenda watatu. Jambo la ukoo haliendewi na mtu mmoja, kwa hiyo mjomba Dadi, kaka wa mama yake Raya, alivaa koti na kofia yake ya viua, akashika bakora, akatangulia. Abasi alibeba mkungu wa ndizi. Walikaa kwenye benchi kati ya akina mama wenye watoto wa kliniki, na mmoja wao, mteja wa Raya pale soko la Mawenzi alikouza ndizi, akamtupia swali kwa sauti ya kutosha benchi zima:

"Shoga, na wewe umeletwa kwa wale wa kichwa?"

Raya alitamani ardhi ipasuke. Akakaza shingo. "Nimejileta," akasema.

Mshauri alikuwa binti aitwaye Neema, mwenye msalaba mdogo shingoni, umri wa kuwa mtoto wake. Aliinuka akawaamkia wote shikamoo mmoja mmoja, na Raya alipoitikia marahaba akajiuliza moyoni: huyu anayeniamkia ndiye atakayenifundisha mimi kuishi?

Mjomba Dadi alikohoa, akaweka bakora magotini. "Binti, sisi tumekuja na mtu wetu. Nitakueleza tangu mwanzo. Mama yake huyu alikuwa dada yangu, tumbo moja. Sasa katika ukoo wetu..."

Neema alimsikiliza mpaka mwisho wa sentensi, na hiyo haikuwa sentensi fupi. Kisha akasema, "Mjomba, nashukuru sana kwamba mmemsindikiza. Sasa nakuomba umwachie mama aseme mwenyewe. Nyinyi mtatusubiri nje."

"Nje?"

"Nje, mjomba. Nisamehe."

Mzee alitoka akiwa ameudhika sana. Kusuluhisha mambo ya wapwa zake ilikuwa haki yake tangu ujana, na leo ameambiwa akakae na watoto wanaolia sindano. Abasi alitoka nyuma yake, mkungu ungali begani. Alikuwa amesahau kuutua.

Mlango ulipofungwa Neema alisema, "Mama, nikueleze cha kutegemea, usije ukaona nakuzungusha. Hapa sina dawa. Sipigi ramli. Wala sitakuambia ufanye nini."

"Sasa ushauri wako ni upi, kama hunishauri?"

"Tutakuwa tunakutana kila Jumatano. Utasema unachotaka. Mimi nitakuuliza mara nyingi kinachokutokea hapa, sasa hivi, tukiwa tumekaa. Kuna siku utaona sina maana. Ukiniona hivyo, niambie."

"Nimeshakuona," Raya alisema.

Neema akacheka kwa dhati, na Raya, bila kutaka, akampenda kidogo.

*

Jumatano zilizofuata zilikuwa kero tupu. Raya alikuja na habari zake zimepangwa vizuri: lori la ndizi lililoteremka kutoka Kinole, Abdulatif akiwa juu ya mzigo badala ya ndani, kona, breki. Alizisimulia kwa ufundi, dereva akiwa na sauti yake na trafiki na yake. Neema alisikiliza kisha akauliza, "Na sasa hivi, ukinisimulia, una nini?"

"Nina mtoto aliyekufa."

"Ndiyo. Na hapa, kwenye kiti, sasa hivi?"

"Mtu akifiwa na mwanawe anakuwa na nini, binti yangu? Anaumia."

"Nani anaumia?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

Raya alitazama ukuta. Hakuna aliyewahi kumkamata kwa namna hiyo. Aliondoka amekasirika, na Abasi alipomuuliza jioni amepewa nini, alijibu, "Nimepewa maji ya kunywa na maswali ya kitoto."

"Basi usiende tena."

"Nakwenda. Mwanangu yuko Dumila."

Alimpigia Hafidha simu kila Ijumaa. Hafidha alipokea, akauliza hali ya baba, akauliza mvua, akakata. Haikuwa dharau. Alikuwa anasikiliza ni nani anayeongea upande wa pili, na akishindwa kuwa na hakika alikata mapema.

Kisha akafa mzee mmoja kule juu, mtu wa ukoo wa watani zao hasa, na Raya hakuitwa. Alisikia msiba sokoni, kutoka kwa mnunuzi aliyekuwa akichagua ndizi bukoba. Aliyeitwa ni kijana mmoja asiyejua hata kubana pua. Raya aliendelea kupanga chane zake mpaka mnunuzi akaenda, ndipo akakaa juu ya gunia. Watu walikuwa wanamwogopa. Yeye aliyekuwa akiwachekesha wafiwa sasa alikuwa mtu wa kupishwa njiani, na jambo hilo lilimkata maini.

*

Jumatano hiyo Neema alivuta kiti cha pili, kiti cha plastiki cha bluu chenye mguu uliochubuka, akakiweka mbele ya Raya.

"Mama, nakuomba tujaribu jambo. Kama hutaki, sema hutaki. Abdulatif angekuwa amekaa hapo, sasa hivi, ungemwambia nini?"

Raya alikitazama kiti, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Hii mmesomea chuo? Binti yangu, hii ni kazi yangu! Mimi ndiye kiti chenyewe!"

Na kabla Neema hajasema kitu, Raya alikuwa ameshahamia. Alikaa kile kiti cha bluu amelegea, miguu imetupwa mbele, bega la kushoto limeshuka kwa mikungu aliyobeba mtu mwingine, akamtazama Neema kwa jicho la kivivu.

"Oya sista, mambo? Maza yuko poa, msimsumbue. Mpeni hela ya vocha tu. Halafu hapa kwenu kuna kitu? Ubao unauma."

Neema alicheka kabla ya kujizuia. Halafu macho yake yakajaa maji, kwa sababu kwa muda mfupi alikuwa amemwona kijana ambaye hakuwahi kumwona, na alikuwa amempenda.

"Umenichekesha," alisema akijipangusa. "Na umeniliza. Sasa nakuomba urudi kwenye kiti chako, umjibu."

Raya aliinuka. Hatua kati ya viti vile haikumaliza hata mkeka, lakini aliifikia nusu akasimama. Akakitazama kiti chake, chenye kikoba chake cha mkononi.

"Siwezi."

"Nini kinatokea?"

"Pale hakuna mtu."

Neema hakusogea. "Mkono wako uko wapi sasa hivi, mama?"

Raya alishusha macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa shingoni, na hakujua umefika lini. "Shingoni."

"Unafanya nini?"

"Unanikaba."

"Huo mkono ukipewa nafasi ya kusema, ungesema nini?"

Raya alichukua kikoba chake akatoka. Alipita benchi la kliniki bila kumsalimia mtu, akatembea kwa miguu mpaka mjini, na njia nzima aliapa hatarudi kwa yule mtoto mwenye viti. Aliapa kwa sauti ya Raya, ingawa hilo hakulitambua mpaka alipofika nyumbani na kuona koo linamuuma kana kwamba ni la mtu asiyezoea kulitumia.

*

Alirudi. Hakuomba radhi, hakusubiri kuulizwa. Alivuta kiti cha bluu mwenyewe, akakiweka mbele, akakaa kwenye kiti chake, viganja juu ya mapaja.

"Leo nitasema, na wewe usiniulize mkono uko wapi."

"Sawa, mama."

Kwanza alimweleza Neema kilichotokea kwenye msiba wa mwanawe. Siku ile watani walikuja kama ilivyo desturi, na kazi ya kumwiga Abdulatif ilikuwa ya mtani wao Mansuri. Mansuri alivaa jezi nyekundu ya marehemu, akaanza kutembea uwanjani, na akashusha bega la kulia. La kulia! Raya alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wafiwa, ameshikwa huku na huku na wanawake. Akajichomoa. Akamvua Mansuri jezi mbele za watu, akaivaa juu ya nguo ya msiba. "Hujui kazi," alimwambia, "tazama." Akatembea kama mwanawe kutoka mlangoni mpaka penye jeneza. Watu walicheka mwanzoni, kwa mazoea. Kisha mjomba Dadi akakohoa, na kila mmoja akatazama chini. Mfiwa hamwigi maiti wake. Hilo Raya alilijua kuliko wote waliokuwepo, na hakuna aliyemwambia neno hadi leo.

Aligeukia kiti cha bluu. Nje mtoto alilia kwa sindano, akanyamazishwa.

"Abdulatif," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, haina mkwaruzo wala madoido. "Ni mama. Nimekukasirikia. Nilikuambia usikae juu ya mzigo, ukaniambia ndani kuna joto. Nimekukasirikia mpaka naona aibu." Akavuta pumzi. "Ile jezi niliivaa kwa sababu nikiwa wewe, wewe upo. Na nikiwa wewe, mama wa maiti hayupo, hakuna wa kuumia. Nimekaa humo ndani yako, baba. Ni pazuri. Ila mdogo wako ameikimbia nyumba."

Aligeuka kwa Neema, uso umelowa. "Ninaumia," alisema. "Mimi. Raya."

Neema hakumwambia itapita, wala hakumwambia ni mapenzi ya Mungu. Alikuwa analia naye. Baadaye akauliza kwa upole, "Na sasa hivi?"

"Sasa hivi kiti hiki kinachoma matako," Raya alisema. "Lakini nimekaa."

*

Jezi aliifua, akaipiga pasi ya Abasi, akaipeleka kwa Mansuri, aliyekuwa na banda la kuziba pancha karibu na Msamvu.

"Kazi yako nilikunyang'anya," alimwambia. "Chukua. Mtani ndiye wa kuondoka nayo."

Mansuri alijifuta grisi, akaipokea kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa hana mzaha. Kisha ukamrudia. "Raya, unadhani sikujua bega? Nimemjua yule mtoto tangu anatambaa. La kulia nilishusha makusudi, nikutanie ukiwa umekaa pale, ucheke kidogo."

Raya alimtazama. Alitaka kulia, akacheka, na kicheko kilikuwa chake. "Mshenzi wewe," akamwambia, na Mansuri akapokea tusi hilo kwa furaha kama inavyompasa mtani.

Abasi ndiye aliyempigia simu Hafidha. Alisema maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima. Hafidha akaja siku ya pili yake, jua likielekea kuzama nyuma ya mlima. Aliliacha begi mlangoni, limefungwa zipu, akaingia mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Hafidha alitazama ukutani, penye msumari ambapo jezi ilikuwa ikining'inia. Msumari ulikuwa mtupu. Walikaa mkekani wanawake wawili, wakisubiri wali ukauke. Barazani cherehani ilikuwa inatembea. Hafidha akaanza kukunja na kukunjua ncha ya mkeka.

"Mama."

"Abee."

"Iite ile sauti." Alisema haraka, ametazama chini. "Mara moja tu. Ile ya kuna kitu. Kule Dumila nilikuwa naitafuta kichwani, haiji. Nimeanza kuisahau. Mara moja, mama, sitakimbia."

Raya aliisikia ikipanda. Ilikuwa tayari kooni, nzima, na mkwaruzo wake. Bega la kushoto lilianza kushuka lenyewe. Ingekuwa rahisi kabisa, na binti yake angecheka, na jioni ile ingekuwa nzuri. Akaweka viganja juu ya mapaja. Akalirudisha bega.

"Naweza," alisema. "Sitafanya."

"Mama, tafadhali."

"Aliyekuwa anauliza kama kuna kitu hayupo, Hafidha. Na mimi namtamani kama unavyomtamani. Niliyepo ni mimi. Sauti ninayo hii tu."

Kisha kilio kikamjia. Raya, aliyejua kulia kilio cha kila mtu kutoka Bigwa hadi Kinole, hakuwahi kukisikia chake; kilikuwa kibaya, cha kukatikakatika, makamasi mengi, na hakikufanana na cha mtu yeyote. Barazani cherehani ilisimama. Hafidha alimwangukia mapajani, akalia naye kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi, na Abasi akaja akasimama mlangoni na suruali ya watu mkononi, akilia kimya kimya kama kawaida yake.

Wali uliungua. Harufu ndiyo iliyowashtua. Raya alipangusa uso kwa kanga, akaupakua hivyo hivyo na ukoko wake, akaita, "Njooni tule, kipo cha kutosha."

Hafidha aliinuka kunawa. Lakini kwanza alikwenda mlangoni, akalichukua begi lake, akaliingiza chumbani.